Shikamoo Isiyofika

Watu wanadhani ukitoka chumba cha wagonjwa mahututi umeshapona. Wanakuja kukuona, wanakukuta umekaa kwenye kiti na shati umefunga vifungo, wanasema alhamdulillahi, wanakula ndizi ulizoletewa wewe, wanaondoka. Hakuna anayekwambia kwamba umerudi nyumbani na mwili usioujua.

Mimi nilikaa humo siku kumi na moja. Malaria ilinipanda kichwani, mapafu yakaingia maji, wakanipitisha mpira kooni ili mashine inipumulie. Ninachokumbuka nakumbuka vibaya. Nilikuwa najiona niko kwenye mstari wa watu wamebeba mizigo, barabara nyekundu isiyoisha, na mzigo wangu mimi uko kifuani badala ya begani. Kila nikitaka kuutua kuna mtu ananiambia bado. Mama alikuja kunieleza baadaye kwamba walinifunga mikono nisiung'oe mpira.

Kitu kimoja tu nakumbuka sawasawa. Rafiki yangu aliruhusiwa kuingia dakika chache kila siku, akawa ananiinamia sikioni. "Oya. Usinifanyie ujinga. Ukifa wewe, posa yangu nani ataipeleka?" Huyo rafiki ni seremala, tumekua naye, tumepigana naye, tumepigana pamoja dhidi ya watu wengine. Siku zote kumi na moja alikaa kwenye benchi la nje ya chumba kile, mpaka mlinzi akaanza kumwita dokta. Kwa hiyo nilipotoka, deni langu kwake lilikuwa moja: niwe mshenga wake. Na mshenga ni mdomo.

Mdomo ndio kazi yangu. Nanadi mitumba sokoni. Shule niliishia la saba, lakini kuongea nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma kila karatasi iliyofungia vitumbua na kubishana na kila mtu aliyekuwa tayari kubishana. Nilikuwa nasimama juu ya meza naita wateja, mtu wa upande wa pili wa soko anageuka. Nina hasira za karibu, sikatai. Ukimsema vibaya mtu wangu, nitakujibu kabla hujamaliza.

Sasa walipoutoa ule mpira, nikafungua mdomo niwaambie wanipe maji, ukatoka upepo. Upepo mtupu, kama gurudumu la baiskeli linapotoka pumzi.

Daktari wa mazoezi, dada mmoja mpole lakini mkali, alinieleza. Nyuzi za sauti zimechubuka, zitarudi taratibu, au zitarudi nusu. Miguu imekonda kwa kulala, itarudi. Ganzi kwenye nyayo, mikono kutetemeka, nywele kutoka kwa mafungu, moyo kwenda mbio nikipanda ngazi mbili, vyote hivyo vinatokea, nisiogope. Maji ninywe kidevu kikiwa chini, nimeze mara mbili, la sivyo yatapita njia ya hewa. Nipulize mrija kwenye chupa ya maji mara ishirini asubuhi na jioni. Halafu akasema kitu ambacho afadhali asingesema.

"Ukivuta pumzi ukasikia mluzi kooni, usingoje kesho. Njoo saa hiyohiyo. Wakati mwingine kovu la mpira linaziba njia."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kusikiliza mluzi. Nikivuta pumzi, nasikiliza. Nikila, naacha kutafuna, nasikiliza. Na sisi Tabora tunakaa na reli, treni za Mwanza na za Kigoma na za Mpanda zinakutana hapa, zinapangwa mabehewa, zinapiga honi asubuhi. Mara ya kwanza niliposikia ile honi ya mbali nikashika koo na mikono miwili, nikakaa chini uani. Mama akaacha kufua, akaja mbio na povu mikononi. "Nini? Nini baba?" Nikamwonyesha koo. Akasikiliza na yeye. "Hiyo si treni?" Tukacheka, lakini yeye alilia kidogo, na mimi sikutoka uani mpaka adhuhuri.

Sikurudi kwenye chumba changu cha kupanga. Nilihamia kwa mama, mtaa ambao watu wengi nilishawasahau. Dawa yangu kubwa ilikuwa kutembea. Rafiki yangu alinichongea fimbo ya mninga, nyekundu, kichwa chake laini kama yai, na kila asubuhi nilikuwa natoka na fimbo hiyo mpaka kwenye nyumba yenye mlango wa kijani, nageuka, narudi. Mtu mwenye afya anatembea dakika tano. Mimi nilikuwa natumia nusu saa na kupumzika mara tatu.

Kwenye mlango wa kijani kulikuwa na mzee, anakaa barazani na kofia yake ya kiua. Siku ya kwanza nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Ukatoka upepo. Hakuitika. Siku ya pili, hivyohivyo. Siku ya tatu akasema, na alikuwa anaongea kwa sauti ya kumwita mtu aliye kule mbali Urambo, "Kijana wa nani huyu asiye na salamu? Anapita hapa kama mbuzi!"

Mimi! Mimi ambaye mama alinifinya masikio toka utotoni kwa ajili ya shikamoo! Watu wa kibanda cha jirani wakageuka. Hasira ikapanda. Lakini sikuwa nimejua jambo moja: hasira inataka pumzi. Nilitaka kumwambia nimekuamkia siku tatu mfululizo, huna masikio? Nikavuta hewa, kifua kikakamaa, makohozi yakajaa kooni pale palipochubuka, nikakohoa mpaka macho yakaingia giza, na nilipopata nafasi ya kwanza nikatema. Sikuchagua pa kutemea. Nilipofumbua macho, mate yangu yako kwenye ngazi ya mzee, hatua moja kutoka kwenye kandambili zake.

Alisimama. "Umenitemea? Mimi? Kwenye mlango wangu?"

Ungekuwa wewe ungesema pole, samahani, mimi mgonjwa. Mimi nilifungua mdomo, hakukuwa na kitu ndani. Nikageuka nikaondoka na fimbo yangu, na kwa macho ya mtaa mzima nilikuwa kijana aliyemtemea mzee mate akaenda zake bila neno.

Jioni yake rafiki yangu akaja na randa bado iko kwenye mfuko wa suruali, anang'aa usoni. Tarehe imepatikana. Posa inapelekwa baada ya wiki tatu, baada ya alasiri. Binti namjua, ananunua nguo kwangu, ana utani mwingi kwenye bei. Kwao sikuwa napajua. Baba yake alishafariki, amelelewa na baba yake mkubwa, na neno lote liko kwa huyo.

"Mzee wa reli," akasema. "Mzaramo, alikuja kufanya kazi karakana ya treni, akaoa, akabaki. Si mbali na hapa. Ile nyumba yenye mlango wa kijani."

Nilikuwa nakunywa uji. Ukapita njia ya hewa.

Sikumwambia. Najua unavyoniona, lakini sikumwambia. Niliandika meseji kwenye simu, ndefu, nikaisoma, nikaifuta. Nikaandika tena fupi, nikaifuta. Siku moja nilimfuata karakana kwake nimeamua kabisa, nikamkuta anabishana na baba yake mdogo. Baba mdogo alikuwa anasema, tena mbele yangu, "Mshenga gani hana sauti? Tutafute mtu mzima." Rafiki yangu akaweka randa chini. "Baba mdogo, kama si huyu, posa haiendi. Nitakaa bila mke." Sasa hapo ningesema nini? Mtu ameweka ndoa yake juu ya koo langu, mimi nimwambie koo lenyewe limeshamtemea mkwe?

Nikajaribu kwenda kuomba radhi peke yangu. Nilifika mlango wa kijani asubuhi, mzee akaniona kwa mbali, akachukua kiti chake, akaingia ndani. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu aligeuza kiti, akanipa mgongo, na huwezi kumwomba radhi mgongo wa mtu kwa sauti ya upepo.

Wiki tatu hizo nilizimaliza kwa mrija na chupa. Napuliza, mapovu yanapanda, nahesabu. Nikagundua sauti yangu ina saa zake. Asubuhi inakuja, mbovu, kama mlango usiotiwa mafuta, lakini ni sauti. Ikifika mchana inaanza kupungua. Baada ya alasiri haipo. Na posa ni baada ya alasiri. Nikaamua siku hiyo sitaongea na mtu yeyote tangu alfajiri, niitunze kama maji ya kiangazi. Maneno nilishayapanga, mafupi: kwetu jiko limezimika, tumekuja kwa jirani kuomba kaa la moto. Basi. Mengine baba mdogo atamalizia. Nilikuwa nayasema moyoni huku nimeshika koo, nasikiliza mluzi.

Siku ikafika. Tuliingia watatu, mimi, baba mdogo, na shangazi yake rafiki yangu. Yeye mwenyewe alibaki karakana, si desturi bwana mwenye posa kwenda. Tukaketi kwenye mkeka. Kukaa kwangu si kukaa, ni kuanguka polepole, na wakati naanguka nilijua kwamba sitaweza kuinuka bila kushikwa mkono. Mzee alikuwa ameegemea ukuta wa mbele. Akaniangalia mara moja, akahamisha macho.

Chai ikaja kwanza. Kukataa ni matusi, na kunywa kunaweza kunimaliza. Nikashika kikombe kwa mikono miwili kisitetemeke, nikainamisha kidevu kifuani, nikameza mara mbili. Shangazi wa binti akacheka pembeni, "Mshenga ana haya huyu! Utadhani yeye ndiye anayeolewa." Watu wakacheka. Moyo ulikuwa unanidunda masikioni, nikawa nauhesabu.

Baba mdogo akanigusa paja. Nikavuta pumzi. "Shikamoo baba. Sisi ni majirani. Kwetu jiko..."

Jiko likaishia hapo. Midomo iliendelea, sauti haikuendelea.

"Anasema nini?" mzee akauliza, kwa ile sauti yake ya Urambo. "Mbona anachezesha midomo?"

"Amekuamkia, kaka," shangazi wa binti akamjibu.

"Nani kaniamkia? Mimi sijasikia shikamoo ya mtu." Akaninyooshea kidole. "Na huyu namjua. Huyu amenitemea mate mlangoni kwangu. Leo ndiye mmemleta aombe mtoto wangu?"

Baba mdogo alinigeukia taratibu, na kwa uso wake nikajua anamfikiria mwanawe kule karakana. Mimi nikamfikiria kwenye benchi la hospitali. Nikasema moyoni, leo hata kama nitakufa, lakini si kwa kunyamaza.

Nilitaka nisimame nimwendee. Nikaegemea fimbo, goti la kwanza likakubali, la pili likakataa. Nikajaribu tena. Likakataa. Basi nikaiacha fimbo, nikaenda kwa magoti na mikono, nikipita katikati ya vikombe vya watu, mpaka nikafika kwa mzee. Nikasikia mwanamke mmoja anasema, "Jamani, adabu hii!" Mzee mwenyewe alilegea uso. Aliona mtu anamjia kwa magoti, kwa heshima.

Nikaweka mdomo sikioni mwake kabisa, kama rafiki yangu alivyokuwa ananiwekea mimi. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema. Akashtuka mwenyewe. Nadhani ilikuwa muda mrefu hajasikia mtu anamwambia kitu taratibu.

Ningeweza kuishia hapo. Watu walishanipa adabu ambayo sikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba uongo, na uongo nao unataka pumzi. Nikamwambia palepale sikioni, neno moja moja: sijaja kwa magoti kwa heshima, mzee, miguu haiinuki. Nilikuwa mahututi. Waliniingiza mpira, sauti ikaenda. Nilikuwa nakuamkia kila siku. Mate yale ni kikohozi.

Halafu akauliza, "Kwenu wapi?"

"Ntalikwa."

"Mnyamwezi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mzee akapiga paja lake. "Mnyamwezi! Haya jamani, njooni muone! Hawa si ndio waliobeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka kwetu pwani kwa miguu? Babu zake walikuwa wanajisifu njia nzima! Leo Mnyamwezi anashindwa kubeba makalio yake mwenyewe kutoka mkeka ule mpaka mkeka huu!"

Nyumba ikalipuka. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka hizo enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi, hata mimi nalijua hilo, mimi ninayekasirikia mpaka mbu. Tangu nitoke hospitali kila mtu alikuwa ananisemesha kama naweza kuvunjika. Huyu alinitukana mimi na babu zangu, na kwa mara ya kwanza kifua kikanilegea. Nikacheka. Na kicheko kikaleta kikohozi, na kikohozi kikaleta makohozi.

"Mpeni kopo!" mzee akapiga kelele. "Upesi, kabla hajanitemea tena! Mtani gani huyu, mbona hukuniambia mapema? Mate ya mtani hayana kesi."

Nikamwambia sikioni, "Na wewe mzee, masikio yako yaliishia kwenye injini?"

Akanikata jicho. Halafu akasema polepole, kwa mara ya kwanza polepole, "La kulia limekufa. La kushoto linajaribu." Nadhani hata watu wa nyumbani kwake hakuwahi kuwaambia, maana shangazi wa binti alifunika mdomo.

Posa ikasomwa na baba mdogo, ikasikika, sikio la kushoto. Lakini jibu mzee hakutoa. Alivuta fimbo yangu ya mninga pale mkekani, akaipima mkononi, akaiweka nyuma yake. "Hii inabaki. Jibu simpi mtu mwingine. Atakuja mshenga mwenyewe, siku saba kutoka leo, asubuhi, kwa miguu yake miwili. Miguu ikikaa njiani, na posa imekaa njiani."

Wakacheka wote. Mimi nilicheka kidogo. Hilo ndilo baya la utani, hujui mahali unapoishia.

Mama alitaka kwenda kugombana. "Mzee gani anamnyang'anya mgonjwa fimbo!" Rafiki yangu aliposikia yote, pamoja na ya mate niliyokuwa nimeyaficha, alinitukana dakika nzima kwa kuficha, halafu akasema, "Nitaongea naye akurudishie. Sitaki mke wa kukuvunja mguu." Nikamwandikia kwenye simu: *Kaa hukohuko karakana. Usije hata kuchungulia.*

Siku saba nilifanya mazoezi ya kukaa na kuinuka kwenye kiti mpaka mapaja yakawa yanaruka yenyewe. Daktari wa mazoezi nilipomweleza alikunja uso, akanishika kiuno, akanitembeza ukumbi mzima bila fimbo, akasema naweza, lakini nisijifanye mwanaume. Nikiona giza, nikae chini popote.

Asubuhi yenyewe nilitoka na mikono mitupu. Mikono mitupu ni mizito, hujui uiweke wapi. Nyayo zenye ganzi hazikwambii kama umekanyaga jiwe au mchanga, lazima uangalie. Nikafika nguzo ya umeme, nikaishika, nikahesabu moyo. Nikafika kwa fundi cherehani, akaacha kushona ananiangalia, nikaona aibu, nikaongeza mwendo, kosa. Kifua kikaanza kubana. Na hapo katikati, mbele hakuna pa kushika na nyuma hakuna pa kushika, nikausikia.

Mluzi.

Mwembamba, mrefu. Nikasema ndio hivi, kovu limeziba, nakufa barabarani na posa ya mtu mdomoni. Nilitaka kukaa chini. Halafu nikafikiria jambo moja, sijui kwa nini sikulifikiria wiki zote zile: nikazuia pumzi. Nikafunga mdomo, nikabana pua.

Mluzi ukaendelea. Ulikuwa unatoka stesheni.

Nikaachia pumzi, nikavuta nyingine, nikasikiliza. Ilikwaruza, lakini haikupiga mluzi. Nikaenda.

Mzee alikuwa barazani, fimbo yangu imelala juu ya mapaja yake. Nikasimama palepale njiani niliposimama siku ile. "Shikamoo mzee," nikasema, kwa mlango wangu usiotiwa mafuta. Umbali ule hawezi kusikia hata jogoo.

"Marahaba, mpagazi."

Nikamsogelea sikio la kushoto. "Umesikia?"

"Nimeona," akasema. "Midomo yako naijua sasa. Kaa."

Nikakaa, kwa kuanguka polepole. Alisubiri nimalize kuhema. Akanirudishia fimbo. "Mwambie mwenzako moto upo. Aje auchukue, na asiuache uzimike, au nitamtumia watani."

Nikatoa simu, nikampigia rafiki yangu. Akapokea kabla haijaita vizuri. Nikafungua mdomo. Hakuna. Ile sauti ya asubuhi nilikuwa nimeimaliza kwa shikamoo moja.

"We! Umeanguka? Uko wapi? Ongea basi!" Nikasikia vitu vinaanguka karakana.

Mzee akaninyang'anya simu, akaishika mbele ya mdomo kama kipaza sauti, akapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka, "MOTO UPO! UMESIKIA? MOTO UPO!"

Upande wa pili rafiki yangu alikuwa anapiga kelele na yeye, simwelewi hata neno. Mzee akaitoa simu mdomoni, akanigeukia. "Anasema nini?"

Nikamwinamia. "Anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba," akasema, akanirudishia simu, kana kwamba mimi ndiye mwenye sauti.